Faranga 125: Bei ya Kahawa Katika Mpaka wa Gisenyi

Kwa miaka kadhaa katika muongo wa 1980, mkulima wa mwambao wa Ziwa Kivu, katika mkoa wa Gisenyi nchini Rwanda, hakuwa na haja ya kumwuliza mtu bei ya kahawa. Bei ilikuwa moja tu: faranga 125 kwa kila kilo ya kahawa iliyomenywa, ikaoshwa na kuanikwa hadi ikakauka. Baridi kali iiunguze mibuni ya Brazil au isiiunguze, madalali wa New York wapandishe bei au waishushe, mkulima wa Gisenyi alijua atakacholipwa. Bei hiyo ilitangazwa na serikali, na nyuma yake ulikuwapo mfuko wa serikali ulioahidi kufidia upungufu wowote. Mnamo mwaka wa 1990 ahadi hiyo ilivunjika. Namna ilivyojengwa na namna ilivyovunjika ni habari inayomhusu bwana shamba, lakini kwa hakika inamhusu vile vile askari aliyewekwa mpakani.

Gisenyi ni nchi ya ngazi mbili. Juu, kwenye udongo mweusi wa volkeno chini ya milima ya Virunga, hulimwa viazi mviringo, mahindi, maharage na pareto. Na katika miteremko yenye mvua nyingi, kama kule Pfunda, hulimwa chai. Chini, ukingoni mwa ziwa, ambako baridi hupungua, ndiko mibuni ilikostawi. Mji wenyewe wa Gisenyi umebanana na mji wa Goma wa Kongo kiasi kwamba mgeni asiyejua anaweza kudhani ni mji mmoja uliokatwa kwa kamba. Tangu mwaka wa 2006 eneo hili ni sehemu ya Wilaya ya Rubavu, katika Jimbo la Magharibi, lakini wakati wa mambo yanayosimuliwa hapa lilikuwa mkoa unaojitegemea, na ng'ambo ya pili ya mpaka iliitwa Zaire.

Kahawa haikuingia Rwanda kwa hiari ya wakulima. Mbegu za kwanza ziliotesha miche katika misheni ya Mibirizi, kusini-magharibi ya nchi, mwanzoni mwa karne ya ishirini, lakini kwa miaka mingi zilibaki kuwa bustani ya mapadri. Ni utawala wa Kibelgiji ulioamua, kuanzia mwaka wa 1931, kwamba kila mwenye shamba apande mibuni, atake asitake. Machifu walipewa idadi ya kutimiza, na kiboko kikawa ndicho mshauri wa kilimo. Kahawa ilileta fedha, na fedha ililipa kodi ya kichwa. Kwa serikali ya kikoloni hesabu ilikuwa kamili. Kwa mkulima, mbuni ulikuwa mti wa bwana uliosimama katika shamba la mtumishi.

Uhuru ulipopatikana tarehe 1 Julai, 1962, serikali mpya ilirithi mti huo pamoja na tegemeo lake. Kwa sehemu kubwa ya miaka iliyofuata, kahawa pekee ilileta zaidi ya nusu ya fedha zote za kigeni za nchi, na katika miaka fulani ilikaribia robo tatu. Mwaka huo huo wa 1962 mataifa yanayouza na yanayonunua kahawa yalitia saini Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa. Mkataba huo uligawa mafungu ya mauzo kwa kila nchi ili soko lisifurike na bei isianguke. Chini ya kivuli chake ndipo ilipowezekana kwa nchi ndogo isiyo na bandari, yenye safari ya kilomita zaidi ya elfu moja kuifikia Mombasa, kumwahidi mkulima wake bei isiyotikisika.

Utaratibu wenyewe haukuwa mgumu kuelezwa. Shirika la serikali la kahawa lilisimamia ubora na mauzo. Serikali ilitangaza bei ya mkulima. Katika miaka ambayo soko la dunia lilipanda juu ya bei hiyo pamoja na gharama, ziada iliingia serikalini, sehemu moja kama kodi na sehemu nyingine katika Mfuko wa Kusawazisha Bei. Katika miaka ambayo soko lilishuka, Mfuko ulitoa fedha ili mkulima asipunguziwe. Ruzuku hii basi haikuwa sadaka. Mkulima alikuwa ameilipia mwenyewe katika miaka ya neema, kwa kupokea pungufu ya thamani ya jasho lake.

Na miaka ya neema ilikuwako. Baridi kali ya Julai 1975 iliangamiza mibuni mingi ya Brazil, na kufikia mwaka wa 1977 bei ya dunia ilipanda kuliko ilivyowahi kuonekana. Ukame wa Brazil wa mwaka wa 1985 ukaleta mpando mwingine mwanzoni mwa 1986. Fedha hizo zilijenga barabara, zililipa mishahara ya watumishi wa serikali na ya askari, na ziliipa serikali ya Jenerali Juvénal Habyarimana, aliyetwaa madaraka tarehe 5 Julai, 1973, na ambaye mwenyewe alikuwa mzaliwa wa mkoa huu wa Gisenyi, sifa ya kuwa serikali inayoweka hesabu zake vizuri. Ila ghala linalochotwa kila siku halijai hata mvua inyeshe vipi. Katika miaka ya neema hazina ya nchi iliizoea kahawa kama mtu anavyozoea mshahara, na kilichobaki katika Mfuko hakikuwa akiba ya kuhimili ukame mrefu.

Upande mwingine wa ahadi ulikuwa amri. Mkulima alihakikishiwa bei, lakini hakuruhusiwa kuuondoa mti. Kung'oa mbuni lilikuwa kosa mbele ya sheria, na kuutelekeza mti bila kuupalilia na kuufunika matandazo kulikuwa na adhabu pia. Kupanda maharage au migomba katikati ya mibuni kulikatazwa, ijapokuwa katika nchi ambayo familia nyingi zina shamba lisilofika hekta moja, kila hatua ya ardhi ni chakula. Hivyo wakuu wa komini na askari wao walikuwa walinzi wa miti iliyomo ndani ya mashamba ya watu wengine. Bei ilipokuwa nzuri, kazi hiyo haikuonekana kuwa kazi, kwa maana hakuna mtu mwenye akili anayeng'oa kinachomlisha.

Kazi iliyoonekana ilikuwa ya mpakani. Ng'ambo ya ziwa, katika Kivu ya Zaire na hasa katika kisiwa cha Ijwi, kulikuwa na kahawa ile ile, yenye udongo ule ule na mvua ile ile. Lakini bei ya serikali ya Zaire ilikuwa duni, wanunuzi walichelewa au hawakufika kabisa, na fedha ya zaire ilipoteza nguvu mwaka hata mwaka. Faranga ya Rwanda haikuyumba namna hiyo, tena ilinunua sabuni, nguo, chumvi na bia ya kiwanda cha Gisenyi. Haihitaji elimu kubwa kujua kilichofuata. Usiku, mitumbwi ilitoka Ijwi ikiwa imesheheni magunia, ikatia nanga katika vihori vya upande wa Rwanda, na alfajiri ikarudi na bidhaa za dukani. Serikali ya Zaire iliyaita hayo magendo, na ilikuwa na haki ya kuyaita hivyo. Wavuvi wa Ijwi waliyaita biashara.

Hali hii haikuwa ya Ziwa Kivu peke yake. Katika miaka ya 1976 na 1977, kahawa ya Uganda ilivuka mpaka kuingia Kenya kwa wingi mno kupitia Chepkube, kijiji kidogo cha upande wa Bungoma, kilichotajirika kwa msimu mmoja na kusahaulika kwa msimu mwingine. Serikali ya Idi Amin ilipeleka askari, ikaweka adhabu kali, na damu ikamwagika. Magunia yaliendelea kupita. Chepkube haikuzimwa na bunduki. Ilizimwa na kushuka kwa bei. Afisa yeyote aliyewahi kulinda mpaka wa namna hiyo anajua kwamba hupewa doria ya watu wanne na mtumbwi mmoja kuzuia tofauti ya bei ambayo imewekwa na ofisi mbili zilizo mbali naye, kila moja katika mji mkuu wake.

Kwa Rwanda magendo hayo yalikuwa na sura mbili, na sura ya pili ndiyo isiyosemwa sana. Katika miaka ya neema, kila gunia la Ijwi lililovuka liliongeza fedha za kigeni za Rwanda, na mtu anaweza kuelewa kwa nini mlinzi wa upande ule hakuwa na haraka ya kuamka. Lakini katika mwaka wa upungufu, ambapo Mfuko hulipa kuliko soko linavyorudisha, mambo hugeuka. Kila kilo iliyovuka ziwa katika mwaka kama huo ilikuwa inadai ruzuku iliyotolewa na jasho la wakulima wa Rwanda. Mfuko hauna macho ya kujua gunia limetoka kilima gani.

Miaka ya upungufu ilianza 1987, na pigo kubwa likaja mwanzoni mwa Julai 1989. Wanachama wa Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa walishindwa kuelewana juu ya mafungu ya mauzo, na mafungu hayo yakasimamishwa. Kila nchi ikamwaga sokoni kahawa iliyokuwa nayo. Bei ya dunia, ambayo kabla ya hapo ilizidi dola moja kwa ratili, katika muda wa miezi michache ilikuwa imeanguka hadi karibu na senti 70. Hakuna mkulima wa Nyamyumba wala wa Kayove aliyealikwa katika kikao hicho.

Yafaa hesabu hiyo ifanywe pole pole, maana ndani yake ndimo kisa chote kilimo. Arabika nzuri za aina ya Rwanda hazikuanguka sana kama nyingine. Mwaka wa 1990 ziliuzwa kwa wastani usiofika senti 90 kwa ratili. Kilo moja ni ratili mbili na kidogo, hivyo kilo iliyosafishwa ilileta karibu dola mbili. Dola moja ilikuwa na thamani ya faranga kama 80, basi kilo hiyo ilileta faranga kama 160. Sasa, ili kupata kilo moja iliyosafishwa huhitajika kilo moja na robo ya ile aliyouza mkulima, ambayo ingali na ganda lake la ndani. Kwa bei ya 125, kilo na robo ni faranga 156. Zimebaki faranga nne. Kwa faranga nne hizo kahawa ikobolewe, ichambuliwe, itiwe magunia, ipakiwe lori, ivuke Uganda na Kenya, ilipe bandari ya Mombasa na bima ya meli. Hilo haliwezekani, na kila gunia lililosafirishwa lilikuwa ni hasara iliyolipwa na hazina.

Serikali ilivumilia kwa muda, ikalipa, na Mfuko ukakauka. Mwaka wa 1990 bei ya mkulima ilishushwa kutoka faranga 125 hadi 100. Mwaka huo huo sehemu za kusini, hasa mkoa wa Gikongoro, zilikuwa zinatoka katika njaa kali. Tarehe 1 Oktoba, 1990, vita vikaanza kaskazini-mashariki. Mwezi wa Novemba, kwa masharti yaliyokubaliwa na Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, faranga ilishushwa thamani kwa karibu asilimia 40. Kushushwa huko kulitakiwa kumsaidia mwuza kahawa, na kwa kweli mwaka wa 1991 bei ilipandishwa hadi faranga 115. Lakini mafuta ya taa, jembe, dawa na nguo vilikuwa vimepanda kuliko faranga 15. Wakati huo huo njia ya kaskazini kwenda Mombasa ilizibwa na vita, na malori yakalazimika kuzunguka kupitia Rusumo na Tanzania.

Hapa wasikilizaji walio katika majeshi wataona jambo lingine. Jeshi la Rwanda, ambalo kabla ya Oktoba 1990 lilikuwa na askari wasiozidi 10,000, liliongezwa katika muda wa miaka miwili hivi hadi likapita 30,000. Askari hao walihitaji sare, risasi, chakula na mshahara. Mapato ya kahawa, yaliyokuwa yamezidi dola milioni 100 kwa mwaka katikati ya muongo uliopita, yalikuwa yameshuka chini ya dola milioni 40 kufikia 1993. Nchi ilikuwa inaongeza midomo ya jeshi huku ikipoteza shamba lililoilisha hazina, na pengo likazibwa kwa mikopo na misaada. Mfuko wa Kusawazisha Bei haukuwa na nafasi katika foleni hiyo.

Mkulima alijibu kwa jembe. Licha ya sheria, katika sehemu nyingi za nchi mibuni iling'olewa, na mahali isipong'olewa iliachwa ikazongwa na magugu, au ikapandiwa maharage na migomba katikati. Wakuu wa komini waliokuwa na wajibu wa kuadhibu waliona jambo hilo na wengi wao wakaacha, maana wao pia walikuwa na mashamba na watoto. Sheria ya kulinda mbuni haikufutwa siku hiyo. Ilikosa tu mtu wa kuitekeleza.

Wako waandishi waliojaribu kueleza msiba wa 1994 kwa bei ya kahawa. Hoja hiyo haina budi kukataliwa. Umaskini uliwaacha vijana wengi bila kazi wala matumaini, na watu waovu wakawatumia; lakini Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi yalipangwa, yakahubiriwa redioni, na yakaongozwa na watu wenye majina na vyeo. Wakulima wa kahawa wa nchi nyingine nyingi waliangukiwa na bei ile ile ya Julai 1989 na hawakuua jirani zao. Kilichoweza kusemwa kwa haki ni kidogo zaidi ya hapo: kwamba serikali iliyokuwa imejenga utii wa mashambani juu ya bei iliyohakikishwa ilibaki na amri peke yake bei ilipoondoka.

Mnamo Julai 1994 mpaka ule ule wa magunia ya kahawa ulivukwa na mamia ya maelfu ya watu kwa siku chache, kutoka Gisenyi kuingia Goma, wauaji wakiwa wamechanganyika na watu wasio na hatia. Miaka ya 1997 na 1998 mashambulizi ya waasi waliotokea ng'ambo yaliifanya milima ya Gisenyi na Ruhengeri isilimike kwa utulivu. Kahawa ilipofufuka, kuanzia mwanzo wa miaka ya 2000, ilifufuka kwa njia nyingine: vituo vya kuoshea kahawa vilijengwa, mkulima akauza matunda mabivu badala ya kukausha nyumbani, na ubora ukatafutiwa wanunuzi maalumu. Ahadi ya zamani ya Mfuko haikurudishwa.

Ruzuku yenyewe, hata hivyo, ilirudi kwa mlango mwingine. Mwaka wa 2007 serikali ilianzisha mpango wa kuzidisha mavuno ya mazao ya chakula, na Wilaya mpya ya Rubavu, pamoja na viazi na mahindi yake, ikawa mojawapo ya sehemu zake. Safari hii serikali haikuahidi bei ya zao. Ilipunguza bei ya mbolea na mbegu kabla zao halijapandwa. Wakulima waliunganisha mashamba yao na kupanda zao moja lililochaguliwa kwa eneo lao. Matumizi ya mbolea nchini yaliongezeka mara kadhaa, na mavuno ya viazi na mahindi yakapanda. Lakini watafiti waliotembelea vijiji waliandika pia kwamba katika sehemu fulani viongozi walikataza mazao yasiyochaguliwa, na mahali pengine yaling'olewa. Wazee walioikumbuka sheria ya mbuni hawakuwa wageni wa jambo hilo, ingawa sasa aliyeng'oa hakuwa mkulima.

Ugumu wa pili ulikuwa wa kujua nani amepokea nini. Katika utaratibu wa mwanzo mbolea ilipita kwa wasambazaji, vocha na orodha za mikono, na orodha ya mkono ina tabia ya kuwa ndefu kuliko mashamba. Kutokana na hali hiyo ulianzishwa mfumo wa kuandikisha wakulima kwa simu, uitwao Smart Nkunganire, neno la Kinyarwanda lenye maana ya kutegemeza. Ndani yake huwekwa jina la mkulima, ukubwa wa shamba lake na kiasi cha mbolea anachostahili kwa bei iliyopunguzwa.

Mfumo huo huishia katika duka la pembejeo. Toka hapo hadi Petite Barrière, kivuko cha waendao kwa miguu kati ya Gisenyi na Goma, ni safari fupi ya baiskeli, na mfuko wa mbolea wenye bei moja upande huu na bei nyingine upande wa pili hufahamu njia kama gunia la Ijwi lilivyoifahamu. Kabla ya mwaka wa 2020 watu makumi ya maelfu walivuka hapo kila siku, wengi wao wanawake wenye mabeseni ya nyanya, maziwa, unga na mboga. Mlinzi anayesimama hapo hana orodha ya simu mkononi. Ana macho yake, na beseni lililofunikwa kitenge.